Begi langu halikufika Unguja, nami niko Pemba: nisubiri au niendelee na safari?

"Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 24 kutoka Kenya. Niliweka akiba mwaka mzima nizunguke Unguja na Pemba kwa begi la mgongoni, kisha nivuke kwa boti hadi Tanga na kurudi nyumbani kwa basi kupitia Horohoro. Jumatatu nilipanda ndege Nairobi, nikabadilisha Dar es Salaam, nikafika Unguja saa kumi na moja jioni. Tiketi ni moja, ila mashirika ni mawili. Begi halikutokea. Mkanda wa mizigo uliposimama nilitoka zangu, maana dereva alikuwa ananisubiri, nikarudi Jumanne. Walinijazia fomu wakanipa namba inayoanza na ZNZ. Leo ni Alhamisi na niko Mkoani kwa sababu malazi nilishayalipia. Nikipiga simu hapokei mtu. Pasi ya kusafiria na simu ninazo, na kile kijikaratasi cha begi kimebandikwa nyuma ya tiketi: kina namba kumi na herufi DAR. Ndani ya begi mna kompyuta mpakato, nguo zote, na dawa yangu ya pumu ya kuvuta. Hii ya mfukoni inakaribia kwisha. Mwenyeji wangu anasema begi limeshaibiwa. Rafiki yangu anasema nimepoteza haki kwa kutoka uwanjani bila kuripoti. Mwingine anasema hata nikilipwa ni dola 20 kwa kilo, basi. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya mizigo isiyofika, na hadi leo nikimwona mtu amebaki peke yake mbele ya mkanda uliozimwa, hunijia hamu ya kwenda kusimama naye.

Kabla ya begi, dawa. Umeitaja baada ya kompyuta na nguo, lakini kwangu ndiyo ya kwanza. Upo Mkoani, na Mkoani ipo Hospitali ya Abdalla Mzee. Nenda leo. Usingoje hiyo ya mfukoni ikwishe, wala usingoje begi. Chukua kikopo ulichonacho umwoneshe daktari jina la dawa na kipimo kilichoandikwa juu yake, umweleze unaitumia mara ngapi. Na ukianza kubanwa kifua kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi moja bila kutua, au midomo ikabadilika rangi, hiyo ni dharura ya saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Mwamshe mwenyeji wako akufikishe hospitali. Risiti ya dawa itunze. Nitakwambia baadaye ya nini.

Sasa begi. Unataka kujua limekwenda wapi, una haki gani, na ukae au uende. Naanza na hilo la kwanza, kwa sababu katika barua yako mna herufi tatu ambazo umeziandika kwa kupita tu, nami nimezisoma mara mbili: DAR.

Kile kijikaratasi ni kipande cha lebo waliyoifunga kwenye begi lako Nairobi. Zile tarakimu kumi ndizo jina la begi kwa safari ile. Ya pili mpaka ya nne zinataja shirika lililotoa lebo, na sita za mwisho ni za begi lako. Herufi tatu ni uwanja wa mwisho ambao begi limeagizwa kufika. Unguja ni ZNZ, Pemba ni PMA, Nairobi ni NBO. DAR ni Dar es Salaam. Kwa hiyo tiketi yako ilisema Zanzibar, lakini begi liliambiwa liishie Dar.

Hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Abiria anayetoka nje ya nchi akaingilia Dar anaweza kutakiwa apite uhamiaji pale pale, achukue mzigo wake mkandani, aupitishe forodhani, kisha aukabidhi tena kwa ndege ya ndani. Ndege za kimataifa zinatua Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2019, na ndege za ndani zinaondokea jengo jingine kabisa. Kama kaunta ya Nairobi haikukwambia, au ilikwambia kwa haraka wakati wewe unahangaika na pasi na simu, basi uliupita mkanda wa Dar bila kusimama. Begi likazunguka, likazunguka, mpaka mtu akaja kuliondoa. Ninavyokisia mimi, na ni kukisia kwa kuwa sikuwepo, begi lako liko Dar kwenye chumba cha mizigo isiyochukuliwa, na wenzangu wa Unguja wanalitafuta kwa ripoti inayosema halikufika Unguja. Halikufika kweli. Halikuwahi kuagizwa lifike.

Fanya hivi leo hii. Liandikie shirika lililokutoa Nairobi, na nakala uipeleke kwa lile lililokuleta Unguja. Maneno yawe machache: "Lebo namba fulani, iliyotolewa Nairobi Jumatatu, inaonesha DAR. Tiketi yangu ni ya Nairobi hadi Zanzibar. Naomba begi litafutwe kwanza Dar es Salaam, kwenye mizigo isiyochukuliwa ya Jengo la Tatu." Weka namba ya ripoti yako, uambatishe picha ya kile kipande cha lebo. Kipige picha sasa hivi, mbele na nyuma, kwa sababu karatasi ile hufutika kwa jasho na jua, na hiyo ndiyo hati yako yenye nguvu kuliko zote.

Kuhusu simu isiyopokewa, usidhani wamekupuuza. Kwenye viwanja vingi watu wa kaunta ya mizigo ndio hao hao wanaosimama mkandani ndege inapotua. Simu inalia ofisini nao wako chini. Barua pepe hubaki mahali ikasomwa. Simu ikikatika haiachi kitu. Ukilazimika kupiga, uliza ndege yao inatua saa ngapi, kisha piga saa moja na nusu au saa mbili baadaye.

Mwenyeji wako anayesema begi limeibiwa nadhani anakuonea huruma tu, anataka ukate tamaa mapema usiendelee kuumia. Wizi upo, sitakuficha. Mtu huweza kufungua zipu ya pembeni akachukua chaja au saa. Lakini begi zima kutoweka ni jambo la nadra kuliko begi kuchelewa, na sehemu ambayo begi hupotea njia mara nyingi ni pale linapobadilisha ndege, kama lilivyobadilisha lako. Ndege ya kwanza imechelewa, muda wa kuhamisha ni mfupi, au ndege ya pili ni ndogo. Hizi ndege ndogo za abiria kumi na kitu zinazoruka Dar, Unguja na Pemba hupima uzito kwa makini, mzigo wa abiria mara nyingi ni kilo 15, na uzito ukizidi begi la mtu hushushwa likasubiri ndege inayofuata. Hakuna aliyeliiba. Limeachwa.

Begi la mgongoni nalo lina balaa lake. Mikanda yake inaning'inia. Inanasa kwenye magurudumu na kingo za mashine za kupitishia mizigo, na kwa bahati mbaya watu wengi hukubali lebo ifungwe kwenye mkanda huo huo. Mkanda ukivutwa, lebo inachanika. Begi linabaki halina jina. Hapo mashine haiwezi kulisoma, linawekwa kando, na baada ya muda mtu hulifungua aandike kilichomo ndani ili kilinganishwe na ripoti za waliopotelewa. Ndiyo maana nakuuliza: fomu uliyojaziwa Jumanne inasema nini? Nina hofu inasema "begi la mgongoni, jeusi, nguo na kompyuta". Kwenye mfumo wa kutafutia mizigo rangi huandikwa kwa herufi mbili na umbo kwa namba. Nyeusi ni BK. Mabegi ya BK yenye nguo ndani ni mengi kama mchanga wa Vumawimbi.

Nakumbuka mama mmoja wa Wete aliyekuwa anarudi kutoka ng'ambo. Begi lake lilikuwa jeusi, na lebo ilikuwa imechanika. Ripoti yake ya kwanza iliandika nguo za kike na zawadi, na kwa siku nne haikupatana na chochote. Nikamkalisha nikamwomba afumbe macho anitajie alivyopanga begi lile, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akafika kwenye doti ya kanga aliyofungia vikombe visivunjike. Nikamuuliza jina la kanga. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nikaliandika hivyo hivyo lilivyo, herufi kwa herufi. Uwanja mwingine, mfanyakazi aliyefungua begi lisilo na lebo alikuwa ameandika maneno yale yale bila kujua maana yake, kwa kuwa ndiyo maandishi pekee aliyoyaona. Kesho yake begi lilikuwa njiani.

Fumba macho nawe. Nitajie vitu vitatu ambavyo hakuna msafiri mwingine anavyo: daftari lenye kibandiko fulani, fulana ya timu ya mtaani kwenu, chombo cha chai alichokupa bibi yako. Kompyuta yako ina alama gani juu ya kifuniko? Namba yake ya kiwandani unaweza kuipata kwenye boksi au risiti iliyobaki nyumbani. Mpigie mtu akusomee. Haya yote yaongezwe kwenye ripoti ile ile. Usifungue ripoti mpya, maana ripoti mbili za begi moja huwachanganya.

Na sasa nifike kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote, kwa sababu ndilo linalowaponza wasafiri wa namna yako. Begi likishapatikana, linatafuta anwani. Nawe huna anwani, una njia. Jumanne ulilala Unguja, leo Mkoani, keshokutwa pengine Wete, halafu Tanga. Mtu wa hotelini hukaa sehemu moja wiki nzima, begi likamkuta. Wewe begi linakufuata kwa nyuma. Niliwahi kushughulikia begi lililofika siku ya pili tu. Likapelekwa nyumba ya wageni Shangani, mwenyewe kashaondoka kwenda Jambiani. Likapelekwa Jambiani, kashahamia Nungwi. Lilipofika Nungwi yeye alikuwa uwanjani anarudi kwao, amekasirika, anatwambia tumempotezea begi. Begi lilikuwa halijapotea hata siku moja.

Basi chagua anwani moja, isiyohama, hata kama wewe unahama. Iwe ya huyo mwenyeji wako wa Mkoani kama atakubali, au nyumbani kwenu Kenya. Andika simu inayopatikana hapa na simu ya mtu wa nyumbani. Ukihama, badilisha anwani kwa maandishi kabla ya kupanda gari, siyo baada.

Tuje kwenye haki. Rafiki yako anayesema umezipoteza kwa kutoka uwanjani amekosea, ingawa najua alikolitoa. Ni kweli kuripoti kabla ya kutoka ni bora sana, kwa sababu baadaye wanaweza kuuliza: tunajuaje kama hukulichukua? Lakini ripoti ya kesho yake haifuti haki. Safari yako ni ya kimataifa, kutoka Kenya kuja Tanzania, na nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Montreal wa 1999. Mkataba huo unalibebesha shirika dhamana ya mzigo lililoupokea, iwe umechelewa, umeharibika au umepotea. Vipindi vyenye makali ni vingine. Begi likirudi limeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likirudi limechelewa, dai la kuchelewa liandikwe ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likitimiza siku 21 tangu siku lilipopaswa kufika nalo halijaonekana, unaruhusiwa kulihesabu limepotea na kudai kama lililopotea. Na kama itafika mahakamani, mwisho ni miaka 2.

Habari ya dola 20 kwa kilo si uzushi, ni sheria ya zamani. Chini ya Mkataba wa Warsaw wa 1929 malipo yalihesabiwa kwa uzito, na kwa fedha za leo ilikuwa kama hiyo dola 20 kwa kilo. Bado inatumika kwenye baadhi ya safari ambazo Montreal haizigusi, lakini yako siyo mojawapo. Montreal haipimi kilo. Inaweka ukomo kwa kila abiria, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo huo ni 1,519 kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachoitwa SDR, ambacho ni karibu dola 2,000 za Marekani, hupanda na kushuka kidogo. Elewa vizuri neno ukomo. Hawatakupa dola 2,000 kwa kuwa begi limepotea. Watakulipa hasara uliyoweza kuionesha, isizidi hapo, na nguo ulizovaa miaka mitatu hawatazihesabu kwa bei ya dukani.

Wakikwambia kompyuta haimo kwa sababu masharti ya tiketi yanasema hawawajibiki kwa vifaa vya umeme, waandikie kwa adabu kwamba Montreal inabatilisha sharti lolote linalomwondolea msafirishaji dhamana au kuishusha chini ya ukomo wake. Wengine hulegea hapo. Wengine watabisha kuwa umekosea kuiweka humo, mvutano utakuwepo. Risiti ya kununulia ndiyo itakayokusaidia, si hasira. Nami nakuomba, safari nyingine kompyuta na dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, hata kama itakubidi uvae majaketi mawili kupunguza uzito.

Hapa kuna ugumu lazima nikuambie wazi. Kama kweli begi limebaki Dar kwa kuwa lebo ilisema DAR, shirika linaweza kujitetea: sisi tulilifikisha lilipoandikwa, yeye ndiye hakulichukua. Jibu lako ni kwamba mkataba wenu ni tiketi, na tiketi inasema Zanzibar. Lebo waliiandika wao. Kama mtu wa kaunta alikutamkia kwamba utalikuta Unguja, andika leo jinsi ilivyokuwa, saa ngapi, kaunta namba ngapi kama unakumbuka, wakati kumbukumbu haijapoa. Ni hoja nzuri, ila si ya kushinda kwa hakika. Ndiyo maana napenda zaidi tulipate begi kuliko tukupatie malipo. Na kwa kuwa mashirika ni mawili, wasikurushe kama mpira. Mkataba unakuruhusu kumdai wa kwanza, wa mwisho, au aliyekuwa na begi lilipopotea. Kwa desturi yule wa mwisho ndiye anayefungua faili, na wewe umeshafungua kwake. Wa kwanza ndiye aliyeandika lebo. Waandikie wote wawili kila mara.

Katika siku hizi za kungoja unaruhusiwa kununua unachohitaji na kudai gharama yake. Watu wengi hukaa na fulana moja siku tano wakidhani wakinunua watakuwa wamekubali begi limepotea. Hapana. Nunua kikoi, fulana mbili, chupi, mswaki, sabuni, chaja ya simu, na hiyo dawa. Kompyuta mpya usinunue ukitegemea kulipwa. Kipimo ni kile ambacho mtu yeyote mwenye busara angenunua akiwa kama ulivyo, na ujue kwamba matumizi hayo yanaingia ndani ya ukomo ule ule, hayaongezwi juu yake. Duka la Mkoani pengine halina mashine ya risiti. Mwombe mwenye duka akuandikie kwenye karatasi tarehe, kitu na bei, aweke saini na muhuri kama anao. Nimeziona karatasi za namna hiyo zikilipwa.

Kuna mfuko mwingine ambao wageni wengi wanausahau. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanaoingia Zanzibar wanatakiwa wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Ilipoanza ilikuwa dola 44 kwa mtu mzima, kwa siku zisizozidi 92. Kama uliikata, fungua waraka wako usome sehemu ya mizigo na ya matibabu. Ikifika mahali pa kudai bima, hasa kama kuna dalili ya wizi, watataka taarifa ya polisi. Kwa begi lililochelewa tu, ripoti ya shirika la ndege inatosha, huna haja ya kukaa foleni kituoni. Ungekuwa umepoteza pasi ningekutuma polisi leo na kwa ubalozi wenu Dar kesho, lakini pasi unayo. Iweke kifuani.

Sasa, ukae au uende? Kurudi Unguja hivi sasa sioni faida. Utalipa boti, utalala, utasimama kaunta usikie "bado tunatafuta", kwa sababu begi haliko Unguja. Kuvuka Tanga kama ulivyopanga nako nakuhofia. Kama begi liko Dar limezuiliwa kwa kuwa halijapita forodhani, inaweza kutakiwa uwepo mwenyewe, au aliyebeba barua yako ya idhini, na wewe utakuwa ushavuka Horohoro uko upande wa pili wa mpaka. Shirika linaweza kukurudishia begi Nairobi, ndiyo, na likithibitisha hivyo kwa maandishi basi nenda zako Tanga kwa amani. Lakini lithibitishe kwanza.

Mimi ningekuwa wewe ningebaki Pemba mpaka Jumatatu. Malazi umeshalipa, na kisiwa hiki kinatosha siku nne. Nenda msitu wa Ngezi, nenda Ras Mkumbuu, fulana mbili zinakutosha. Jibu la Dar likija kwamba wameliona, waulize mambo mawili: wanaweza kulileta mpaka uwanja wa Pemba, na lini? Wakitaja siku, ni gari moja tu ya Mkoani kwenda Chake na kipande kidogo cha mbele yake. Wakisita, wakaanza kuzungumza habari za forodha, badilisha njia: shuka Unguja kwa boti, vuka Dar, ulichukue kwa mkono wako Jengo la Tatu, kisha upande basi la Mombasa huko huko Dar. Boti ya Tanga utaikosa. Utakuwa na begi. Kama una ndugu Dar, mpe barua ya idhini yenye saini, nakala ya pasi yako, namba ya ripoti na picha ya lebo, aende akaulize kabla wewe hujasumbuka. Ila usifunge safari ya Dar kwa sababu ya kukisia kwangu. Nenda wakishasema "tunalo".

Jumatatu ikifika bila jibu lolote, hapo nenda mwenyewe mbele ya mtu. Siyo lazima Unguja. Kama shirika lililokuleta lina ofisi Chake Chake anza hapo, na chapa barua zako zote. Mtu akiwa mbele yako anaweza kufungua faili akakuonesha kama kweli kuna aliyeiuliza Dar. Ikipita wiki nyingine kimya, malalamiko unaweza kuyapeleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambayo ina baraza la watumiaji wa huduma za anga, au mamlaka ya namna hiyo ya Kenya kwa kuwa tiketi uliikatia huko. Kompyuta ikiwa ya thamani kubwa na siku 21 zimepita, mtafute wakili akusomee masharti ya tiketi yako kabla hujasaini karatasi yoyote ya "malipo kamili na ya mwisho".

Na tafadhali, usiweke picha ya lebo yako mtandaoni hadharani. Wapo wanaojifanya huduma kwa wateja wa shirika, wanakuandikia kwa upole, wanakwambia begi limepatikana na unatakiwa utume ada ya usafirishaji kwa simu. Begi lililochelewa halilipiwi ada ya kurudishwa kwa namba ya mtu binafsi.

Begi likifika, usilikumbatie ukaondoka. Lifungue pale pale kaunta, mbele ya ofisa, utazame zipu, mikanda, kompyuta, dawa. Kikikosekana kitu, kiandikwe kwenye karatasi kabla hujasaini kwamba umepokea. Kisha kaa chini siku hiyo hiyo, uambatanishe risiti ya hospitali na zile karatasi za mwenye duka wa Mkoani, uwatumie wote wawili.